Kulinganisha rekodi za simfoni za Franz Berwald, mwongozo kamili (tunaanza na Singulière)

Mara ya kwanza kusikia simfoni ya Berwald nilisikiliza rekodi moja tu, siitaji ni ipi, nilikuwa napika na simu iko juu ya kabati inaimba kwa spika yake, nikasema huyu mzee mbona hana kitu, nikafuta. Ikapita kama mwaka na nusu hivi, jamaa yangu mmoja tuliyekuwa naye kwaya akanitumia Sinfonie singulière ileile ila okestra nyingine na mwongozaji mwingine, akaniandikia "kaa chini vaa hedifoni usifanye kitu kingine". Nilisikiliza mara tatu usiku ule. Muziki ni uleule, nota ni zilezile, lakini ni kama umeonyeshwa mtu kwenye picha iliyofifia halafu ndio unakutana naye barazani.

Tangu hapo nimekuwa nalinganisha rekodi zake zote ninazozipata na watu wananiuliza unafanyaje, kwa hiyo naandika yote hapa hatua kwa hatua. Na naomba nieleweke mapema, hii sio kazi ya watu wa kuchagua-chagua tu. Beethoven ana rekodi mamia kwa mamia, ukianza na mbovu kesho utasikia nzuri redioni. Berwald rekodi kamili za simfoni zake zote nne unazihesabu kwa vidole, kwa hiyo ile ya kwanza utakayoangukia ndio inakuwa Berwald mwenyewe kichwani mwako, ukiikosea umemkosa mtu mzima.

Mjue kwanza ni nani

Franz Berwald ni Mswidi, kazaliwa Stockholm mwaka 1796, kafariki hukohuko 1868. Alipiga violini kwenye okestra ya mfalme toka akiwa kijana, baadaye akaenda Berlin kutafuta maisha ya muziki na muziki haukumlisha, basi mwaka 1835 akafungua taasisi ya kutibu mifupa na viungo, na ikaenda vizuri tu. Aliifunga 1841, akaenda Vienna, na hapo ndio simfoni zikaanza kumiminika, ndani ya miaka mitatu minne zote nne zikawa tayari. Sérieuse na Capricieuse ni za 1842, Singulière na ile ya ufunguo wa E-flati ni za 1845. Halafu kuanzia 1850 akawa meneja wa kiwanda cha vioo kule Sandö, kaskazini mwa Sweden. Yaani mtu ana simfoni nne za namna ile mezani na anasimamia kiwanda cha vioo.

Sasa sikiliza hii manake ndio inabeba mwongozo wote. Katika zile nne, aliyoisikia ikipigwa hadharani maisha yake yote ni moja tu, Sérieuse, Desemba 1843 pale Stockholm, chini ya binamu yake Johan Fredrik Berwald, na ilipigwa vibaya, watu hawakuipenda na hakuna aliyeihangaikia tena. Ya E-flati ilisubiri hadi 1878, yeye keshakufa miaka kumi. Singulière imepigwa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1905, Tor Aulin akiongoza, miaka sitini tangu wino ukauke (mwaka huohuo ndio kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kinaanzishwa Unguja, mimi huwa naikumbukia hapo). Onyesho moja bovu likafukia kazi kwa miongo. Kwa hiyo mtu anayesikiliza rekodi moja mbovu leo akaondoka, anarudia kilekile cha 1843.

Hatua ya 1: chagua simfoni moja, usichukue zote nne

Chukua Singulière, ile namba 3, C meja. Ni kama nusu saa hivi, ina sehemu tatu, na ina mahali ambapo waongozaji hawawezi kujificha. Ukianza na zote nne kwa mkupuo utachanganyikiwa, utakuwa unalinganisha sehemu ya kwanza (Allegro) ya huyu na ya mwisho (Finale) ya yule, haisaidii.

Hatua ya 2: ujue muziki wenyewe kabla ya kulinganisha chochote

Hapa ndio wengi wanaruka. Chukua rekodi moja, yoyote ambayo sauti yake ni safi, isikilize mara tatu kwa siku tatu tofauti, usiandike kitu. Ubongo ukisikia muziki mgeni, ile rekodi ya pili siku zote itaonekana nzuri zaidi kwa sababu tu sasa unaujua wimbo. Sio kwamba ni nzuri, ni wewe umezoea. Mimi huwa siamini hukumu yangu yoyote kabla ya kusikia mara tatu.

Ramani ya Singulière kwa kifupi ni hivi. Sehemu ya kwanza inaitwa Allegro fuocoso, yaani haraka na yenye moto, lakini moto hauanzi juu. Ala za nyuzi zinaanza kimyakimya, sauti inapanda kwa hatua pana pana, inarudiwa, inapanda tena, kama mtu anapandisha ngazi gizani anapapasa ukuta. Ukiwa umeimba kwaya utaona ule upandaji ni wa nne nne, yaani kutoka do hadi fa kwa mruko mmoja, ndio maana unasikika wazi na una ugeni fulani, haukupi ule utamu wa kawaida haraka. Sehemu ya pili ndio ya ajabu na nitairudia chini, ni Adagio, yaani ya polepole, ambayo katikati yake amezika Scherzo nzima, kipande chepesi cha kukimbia, halafu Adagio inarudi. Simfoni za kawaida za wakati ule zina sehemu nne, Adagio peke yake na Scherzo peke yake, huyu kaiweka moja tumboni mwa nyingine. Sehemu ya tatu ni Finale, Presto, yaani mbio sana, inaanza C maina kwa hasira na mwisho inatokea kwenye C meja.

Hatua ya 3: kusanya rekodi, na uwe makini na majina

Ukitafuta kwenye apu yoyote ya muziki andika "Berwald singuliere" halafu soma vitu vitatu kila mara, okestra, mwongozaji, kampuni. Usiangalie picha ya kava kabisa, rekodi moja inaweza kuwa na kava tatu nne kwa sababu imetolewa tena na tena. Nilishawahi kulinganisha "rekodi mbili" jioni nzima na kujaza ukurasa mzima wa tofauti kati yao, kumbe ni moja iliyotolewa mara mbili. Tofauti nilizoandika zilikuwa za masikio yangu yakiwa yamechoka. Dawa yake rahisi, angalia dakika na sekunde za kila sehemu, zikilingana kwa sekunde kwenye sehemu zote tatu hiyo ni rekodi moja, achana nayo.

Mtego mwingine ni Sixten Ehrling. Huyu Mswidi kairekodi Singulière zaidi ya mara moja, kuna ya London Symphony Orchestra ya mwishoni mwa miaka ya 1960, iliyotoka Decca pamoja na ile ya E-flati, na kuna ya Malmö ya miaka ya 1990, ya kampuni ya BIS, ambayo ni simfoni zote nne. Mtu akikwambia "chukua ya Ehrling" muulize ipi.

Hizi ndizo ninazozitumia mimi:

Igor Markevitch na Berlin Philharmonic, Deutsche Grammophon, 1955, namba 3 na 4, mono (sauti ya chaneli moja).
Ehrling na London Symphony, 3 na 4.
Ulf Björlin na Royal Philharmonic, EMI, miaka ya 1970, zote nne.
Neeme Järvi na okestra ya Gothenburg, Deutsche Grammophon, miaka ya 1980, zote nne.
Ehrling na Malmö, zote nne.
Roy Goodman na okestra ya redio ya Sweden, Hyperion, miaka ya 1990, zote nne.
Okko Kamu na Helsingborg, Naxos, zote nne.
Thomas Dausgaard na okestra ya redio ya Denmark, zote nne.
Herbert Blomstedt na San Francisco, Decca, hii ni Sérieuse na E-flati tu, haina Singulière.

Usizichukue zote tisa. Chagua nne zinazotofautiana, ya zamani moja, ya kati moja, ya mwendo mkali moja, ya utulivu moja. Ukizidisha nne unasahau ya kwanza ukifika ya mwisho.

Na swala la bando, nusu saa ya muziki kwa ubora wa kawaida wa kbps 160 inakula kama MB 36, ukipandisha hadi 320 ni kama MB 72. Mimi nazishusha zote kwenye simu mara moja kwenye waifai halafu nasikiliza bila mtandao, manake ukiwa unasikiliza laivu na mtandao ukayumba, apu nyingine zinashusha ubora zenyewe kimyakimya na wewe unailaumu okestra.

Hatua ya 4: weka uwanja sawa

Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili vinavyofanana na kimoja kina sauti kubwa kidogo, litasema hicho ndio kizuri. Halitasema "kina sauti kubwa", litasema "kina uhai, kina joto". Kwa hiyo usipolinganisha sauti vizuri unashindanisha kitufe cha volyumu, hushindanishi waongozaji.

Ninavyofanya, kwanza nazima ikwalaiza yote, zile za kuongeza besi na za kufanya sauti iwe kama uko ukumbini, zima. Zima na ile inayounganisha nyimbo kwa kufifisha mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine, hiyo inaua kabisa mwisho wa Adagio. Halafu tafuta mahali okestra nzima inapiga kwa nguvu, mwisho wa Finale ni pazuri, weka rekodi ya kwanza volyumu unayoipenda, nenda ya pili mahali palepale upandishe au ushushe hadi zilingane, andika namba ya volyumu ya kila moja. Usisawazishe kwa kutumia sehemu ya kimya, kwa sababu ukimya ndio mojawapo ya vitu unavyotaka kuvipima.

Hedifoni ziwe zilezile kwa rekodi zote, hata kama ni za bei rahisi, bora za bei rahisi zilezile kuliko nzuri za kubadilishana. Spika ya simu hapana. Spika ya simu haitoi besi, na Berwald bila chelo na besi ni nyumba bila msingi.

Ya Markevitch ni mono, sauti yote inatoka katikati na imebanwa kidogo, huo ni umri wa rekodi. Isikilize dakika tano bila kuhukumu, sikio linazoea, kama unavyozoea kaseti ya taarabu ya zamani, mwanzoni unasikia mkwaruzo, baadaye unasikia mwimbaji tu.

Hatua ya 5: chagua vituo, usilinganishe kazi nzima

Kusikiliza nusu saa ya A halafu nusu saa ya B hakukupi kitu, ukimaliza B umeshaisahau A. Chagua vituo vya dakika moja na nusu hadi mbili, upige A, B, C, D mfululizo kituo kimoja, ndio uende kingine. Vyangu ni vinne.

Kituo cha kwanza ni ule mwanzo wa kupanda ngazi. Sikiliza kama mwongozaji anaziacha sauti zipande zenyewe au anazisukuma. Mwingine anaanza kwa nguvu kiasi kwamba moto ukifika hamna tofauti, ameshatumia kuni zote. Sikiliza pia kama unasikia ala za kupuliza zikijibu au zimemezwa na violini. Na angalia kama violini zote zinatoka kushoto au nyingine ziko kulia, kukaa pande mbili ndio ilikuwa desturi ya okestra nyingi za karne ya 19, na mtunzi aliyekaa miaka ndani ya safu ya violini alijua nani anamjibu nani.

Kituo cha pili, na hapa nakaa muda mrefu, ni pale Adagio inapokatika. Hebu fikiria, okestra imeimba wimbo mrefu wa polepole, mzuri sana kwa kweli, kati ya nyimbo zake zote huu ndio naupenda kuliko, na unaanza kwenda chini, unanong'ona, unakaribia kulala kabisa. Halafu timpani, ile ngoma kubwa ya okestra, inapiga. Pigo moja tu, kwa nguvu zote. Na mara hiyohiyo Scherzo inaanza kukimbia nyepesi kwa vidole vya miguu. Ukiwa hujui utaruka kwenye kiti. Sasa pigo lile moja linakwambia habari yote ya rekodi. Kuna rekodi linasikika kama mtu kadondosha gunia chumba cha pili, hapo ama mpigaji kaogopa ama mafundi wa sauti wamelibana. Kuna rekodi ni mlango umepigwa teke. Lakini usipime nguvu ya pigo peke yake, pima ukimya ulioko kabla yake, kwa sababu pigo linapata nguvu kutokana na jinsi wimbo ulivyozimika. Mwongozaji mwenye haraka hauzimi wimbo, kwa hiyo pigo lake hata likiwa na nguvu halina maana, ni kelele tu. Na baada ya pigo, je Scherzo inaanza kimya kweli, au okestra imechangamka ikaanza na sauti ya kati kati? Berwald anataka ngurumo halafu panya. Rudia sekunde hizi ishirini kwa kila rekodi mara tano, hutajuta.

Kituo cha tatu ni Adagio inaporudi Scherzo ikishaisha. Swali ni moja tu, je umerudi nyumbani au umesikia wimbo ulioshausikia? Waongozaji wazuri wanaurudisha ukiwa na mwendo uleule lakini umebeba kitu.

Kituo cha nne ni dakika mbili za mwisho za Finale. Wengi wanakimbia Presto mpaka violini zinakuwa ukungu. Mtihani wangu ni huu, jaribu kufuata besi peke yake kwa nusu dakika, kama unavyofuata sauti ya nne kwenye kwaya. Ukiweza, mwongozaji kafanya kazi yake. Ukishindwa rudi mara mbili, ukishindwa bado, basi mwendo umewazidi.

Hatua ya 6: pima mwendo kwa akili

Watu wanapenda kuangalia dakika za kwenye kava na kusema huyu mwepesi huyu mzito. Ni sawa kuanza hivyo ila kuwa mwangalifu. Sehemu ya dakika 11, tofauti ya sekunde 40 ni kama asilimia 6 tu. Na ukikuta tofauti ya dakika mbili tatu, kabla hujasema lolote hakikisha kama mmoja karudia kipande na mwingine hajarudia, manake nota nyingi za karne ile zina alama ya kurudia na kila mwongozaji anaamua lwake. Piga mapigo kwa kidole mezani kwenye kituo kilekile, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha mara nne, hiyo ndio spidi halisi, na ndio utagundua mwongozaji unayemuona "mwepesi" wakati mwingine ana spidi ndogo kuliko mwenzake, ila mapigo yake ni makali na mafupi.

Hatua ya 7: sikiliza bila kujua ni nani

Binti wa dada yangu ndio ananisaidia. Namuandikia vituo kwenye karatasi, yeye anachagua rekodi na kuziita A, B, C, D, mimi nimemgeuzia mgongo. Jina la Berlin lina uzito, ukijua ni Berlin unasikia Berlin. Usipojua unasikia muziki. Mimi mwenyewe nilikuwa naidharau ile ya Kamu na Helsingborg kwa sababu okestra ni ya mji mdogo, kwenye giza nikaichagua ya kwanza kituo cha tatu, siku mbili tofauti. Tokea siku ile naiheshimu na naiweka mbele kabisa kwa utulivu wa Adagio.

Kama huna mtu, weka vituo kwenye orodha moja ya kucheza, bonyeza ichanganye, funika skrini.

Hatua ya 8: daftari

Andika kwa mkono, mara hiyohiyo, maneno machache yanayotaja kitu ulichosikia na sio hisia tupu. "Nzuri sana" haina msaada wiki ijayo. Huu ni ukurasa wangu wa kituo cha pili, nauweka kama ulivyo:

A – wimbo unazimika kweli, besi bado inapumua chini, pigo kavu, Scherzo kimya, filimbi inasikika.
B – hajasubiri, pigo kubwa lakini ukimya haukuwepo, violini zinakimbia.
C – sauti ya zamani, pigo limebanwa, ila jamani nyuzi zile, hakuna anayepiga laini hivi.
D – timpani ngumu na ya karibu, tarumbeta mbele, nimeshtuka japo nilikuwa najua.

Baada ya kufunuliwa, A alikuwa Ehrling na London, B Järvi, C Markevitch, D Goodman. Ukiyasoma maneno hayo mwezi mmoja baadaye bado unasikia.

Hatua ya 9: ukiweza, fuata nota

Kama unasoma nota hata kidogo, za Berwald zinapatikana bure kwenye IMSLP, ile maktaba ya nota ya mtandaoni, matoleo ya zamani. Huhitaji kufuata zote, fuata mstari wa timpani au wa chelo tu. Na hapa kuna kitu cha kujua, mwaka 1967 lilitoka toleo jipya la Singulière kwa kampuni ya Bärenreiter, aliyelihariri ni Herbert Blomstedt, huyohuyo mwongozaji. Kwa hiyo ya Markevitch ya 1955 haikuwa na toleo hilo mkononi. Ukisikia alama ya nguvu au ya ukimya iko tofauti kati yake na rekodi za karibuni, usikimbilie kusema huyu kakosea, inawezekana anasoma karatasi nyingine.

Hukumu yangu kuhusu Singulière

Anayeanza leo aanze na Ehrling na London Symphony. Hasukumi, habembelezi, kila ala unaisikia, na anajua kusubiri. Ukishaipenda, nenda kwa Markevitch upate ukali, ile Finale yake ina hasira ya C maina ambayo wengine wanaisahau wakiwaza C meja ya mwisho. Goodman alitoka kwenye dunia ya ala za kale, aliongoza Hanover Band miaka kadhaa, na japo okestra ya redio ya Sweden inapiga ala za kisasa unasikia mkono ule, nyepesi na yenye mfupa. Järvi ana moto sana kwenye sehemu ya kwanza, namsikiliza hiyo na naishia hapo. Kamu ni wa jioni. Dausgaard ana vitu vidogo vidogo vya kimya ambavyo hedifoni nzuri itakuonyesha.

Ukihamia simfoni nyingine

Njia ni ileile ila vituo vinabadilika. Kwenye Sérieuse, G maina, kituo kikubwa ni mwanzo wa Finale, inaanza polepole na kukurudishia wimbo wa ile Adagio maestoso uliyoisikia mapema. Kama hukuutambua uliporudi, mwongozaji hakuuimbisha vizuri mara ya kwanza, basi. Blomstedt na San Francisco hapa wananishinda kwa usafi, na honi zao ni za kupendeza mno.

Capricieuse, D meja, ina jambo lake. Nota kamili za mkono wake zilipotea alipofariki, kikabaki kifupisho tu, mistari michache bila okestra kamili. Ernst Ellberg akaivalisha okestra, ikapigwa 1914, na baadaye Nils Castegren akaitengeneza upya kwa ajili ya toleo la Bärenreiter. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha rekodi mbili tafuta kwenye maelezo ya albamu wanapiga ya nani. Kama moja ni ya Ellberg na nyingine ya Castegren, na ala ile ikisikika mahali ambapo mwingine hana, hapo unalinganisha washonaji wawili na nguo ni ya marehemu.

Ya E-flati ndio ya furaha kuliko zote, wengine wanaiita Naïve. Ni nyepesi ukiisikia, lakini kuipiga kwa wepesi huo ni kazi, na rekodi nzito inaiua ndani ya dakika moja. Markevitch, Ehrling wa London na Blomstedt, hao watatu wanatosha kwa mwanzo. Na ukinunua ile ya Goodman utakuta pia kipande cha simfoni ya A meja ya ujana wake, ya 1820, alichokimalizia Duncan Druce, kisikilize mwisho kabisa baada ya zote nne, utasikia kijana ambaye bado hajawa Berwald lakini ameshaanza kupanda ile ngazi.

Mimi sasa hivi niko kwenye Sérieuse, nimebakiza Björlin na Dausgaard, binti wa dada yangu anafunga shule Ijumaa na karatasi ya vituo nimeshaiandika iko juu ya meza.